Wembe wa kukunja haupati? Anzia hapa kabla hujashika kinoo

"Kaka, wembe haupati." Huo ndio ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote, na chini yake huwa pana picha ya wembe wa kukunja, ule waliotumia vinyozi kabla ya nyembe za kutupa. Umeokotwa kwenye sanduku la marehemu babu, au umenunuliwa Uingereza ukaja kwa posta umevingirishwa gazeti. Mwenyewe ameshaunoa, tena ameunoa kwa bidii, na mara nyingi hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nakusanya na kufufua nyembe hizi hapa Mombasa. Matatizo yanayoniletea watu ni yaleyale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili: unachokiona, kisha sababu, nikianza na inayotokea mara nyingi. Msimamo wangu ni mmoja na utauona kila mahali hapa chini: jaribu kwanza kile kisichoondoa chuma. Povu, ukanda wa ngozi (ule wa kupitishia wembe kabla ya kunyoa) na lenzi havipunguzi wembe. Kinoo na msasa vinapunguza, na chuma kikishaondoka hakirudi.

Tuelewane majina kwanza. Mgongo ni ule upande mnene ulio mkabala na makali. Kisigino ni mwisho wa makali ulio karibu na mpini, na ncha ni upande wa pili. Shingo ni kipande kisicho na makali, ndiko kunakogongwa alama ya kiwanda, na mkia ni ule uliopinda wa kuwekea kidole. Miteremko ni zile nyuso mbili nyembamba kama uzi zinazokutana na kufanya makali. Upana wa wembe hutajwa kwa sehemu za nane za inchi: wembe wa 5/8 ni kama milimita 16, wa 6/8 ni kama milimita 19.

Vifaa vya kuchunguzia si vya gharama. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10 au zaidi, maka peni, taa ya mezani, na nyanya mbivu. Ndiyo, nyanya.

Wembe haupati, unavuta ndevu

Sababu ya kwanza, na nyingine zote ziko mbali nyuma yake, ni ukanda. Makali ya wembe ni membamba mno. Ukiukandamiza kwenye ngozi, ukiacha ukanda ulegee kama kamba ya kuanikia nguo, au ukiugeuza kabla hujafika mwisho, makali yanakunjika. Hayajaisha, yamelala tu. Shika wembe chini ya taa makali yakiwa juu, uuzungushe polepole. Makali mazima hayaonekani kabisa, ni kama pale pameisha chuma. Ukiona kamstari keupe kanakometa, hapo pamelala.

Vuta ukanda ukakamae. Laza wembe mzima, mgongo na makali vyote viguse ngozi, mgongo utangulie na makali yafuate. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuubiringisha juu ya mgongo wake, makali yapite hewani, ndipo urudi. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Kama ukanda wako una upande wa kitambaa, anza huko mara 20 au 30, kisha ngozi mara 50, kwenda na kurudi ikihesabiwa moja. Nusu ya walioniandikia walipona hapa hapa bila kununua kitu.

Ukanda wenyewe pia uukague. Ukining'inia bafuni unashika ukungu, na huku pwani vumbi la mchanga halina mahali lisipoingia. Chembe moja iliyojichomeka kwenye ngozi itakwaruza makali kila ukipitisha. Pitisha kiganja juu ya ngozi kabla ya kuanza. Kiganja kitaiona kabla ya jicho.

Sababu ya pili haiko kwenye wembe hata kidogo: ndevu kavu na povu kavu. Wembe huu hausamehe kama ule wa kutupa. Nyoa baada ya kuoga, au weka taulo lililolowa maji ya moto usoni dakika mbili tatu, na povu liwe na maji ya kutosha kuteleza. Jaribu hivyo mara mbili kabla hujaulaumu wembe.

Ya tatu ni miteremko ambayo haijakutana. Hili ni la nyembe nyingi zilizokwisha kutumika, na hata mpya zimo. Mtu ana kinoo namba 8000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), amesikia ni laini, anasugua wiki nzima. Miteremko inang'aa kama kioo na wembe bado unang'oa ndevu, kwa sababu anang'arisha kuta mbili ambazo juu hazijagusana.

Maka peni itakuambia. Paka wino kwenye miteremko yote miwili kutoka kisigino hadi ncha, uache ukauke, upitishe wembe kwenye kinoo mara mbili, kisha chukua lenzi. Wiki iliyopita nilikuwa na mmoja wa Solingen, mji wa nyembe huko Ujerumani, mezani. Wino ulikuwa umefutika vizuri kwenye upande wa mteremko unaoelekea mgongoni, lakini kwenye ukingo kabisa ulibaki uzi mweusi, mwembamba kuliko unywele, ukitoka kisigino na kukatikia nusu ya safari. Huo uzi ndio jibu lote. Kila ulipobaki, kinoo hakikufika kwenye makali.

Basi hapo kinoo namba 1000 kinahitajika. Laza wembe, mgongo ukigusa jiwe muda wote. Ukinoa kisu cha jikoni unajipimia pembe kwa mkono. Hapa mgongo ndio kipimo. Waliotengeneza walioanisha unene wa mgongo na upana wa wembe ili ukiulaza tu upate pembe ya kati ya nyuzi 15 na 18 hivi. Fundi wa visu aliyezoea kuinua mgongo ataharibu wembe wako kwa nia njema kabisa, ndiyo maana simpelekei. Kwenye jiwe makali ndiyo yanayotangulia, kinyume cha ukanda.

Utajua lini uache? Weka makali juu ya ganda la nyanya mbivu, usisukume, vuta tu. Fanya hivyo kwa kisigino, katikati, na ncha. Ganda likifunguka kote bila kubonyea, miteremko imekutana. Likibonyea mahali, rudi namba 1000 ushughulikie hapo. Usipande namba mpaka nyanya ikubali. Baada yake ni 4000 au 5000, kisha 8000, na ukipenda 12000, kila hatua mkono ukizidi kuwa mwepesi. Yapo mawe ya asili yanayosifiwa sana kwa hatua ya mwisho, kama lile la manjano la Ubelgiji liitwalo coticule, au ya Thuringia huko Ujerumani yaliyouzwa kwa jina la Escher. Ni mazuri na bei yake inauma. Anayeanza hayahitaji.

Ya nne ni kunoa kupita kiasi. Ukisugua kwa nguvu na kwa muda mrefu, chuma kinatokeza ukingoni kama kiuzi kisicho na nguvu. Mara ya kwanza wembe unakata ajabu, mara ya pili unaparura, kwa sababu kiuzi kimekatika vipande vipande usoni mwako. Simamisha wembe wima, upitishe makali mara moja tu, bila kukandamiza, juu ya mdomo wa chupa ya kioo laini. Inauma roho, lakini inaondoa uchafu huo. Kisha ujenge upya kwa mkono mwepesi, ukianzia 4000.

Ya tano ni nadra, na haina dawa: chuma kimeungua. Wembe wa kwanza niliouharibu niliuharibu kwa dakika moja. Ulikuwa wa Sheffield, mji wa visu na nyembe huko Uingereza, mnene, una kutu ya juujuu tu, nami nilikuwa na haraka. Nikauweka kwenye gurudumu la kung'arishia lililofungwa kwenye drili. Ukang'aa, nikafurahi, nikasogeza kuelekea ncha, na pale palipo pembamba pakaja rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu, kabla sijavuta mkono. Buluu hiyo maana yake chuma kimefika karibu nyuzijoto 300, na ugumu wake pale umekwisha. Unanoleka, lakini makali hayadumu hata kunyoa shavu moja. Ukiona buluu au zambarau karibu na makali ya wembe unaotaka kununua, urudishe ulikotoka.

SIMAMA HAPA: usitumie drili, greinda wala gurudumu lolote la umeme kwenye wembe. Mbali na moto, gurudumu huunasa wembe kutoka mkononi na kuurusha, na hujui utakwenda kwa nani. Wanaofanya kazi hiyo kwa mashine wana miaka ya mazoezi na hupoza chuma kwa maji kila baada ya sekunde chache.

Upande mmoja unakata, mwingine haukati

Anza na jiwe. Jiwe lililotumika linachimbika katikati, na jicho haliwezi kuona. Chora miraba ya penseli juu yake, kisha lisugue kwenye bamba la almasi, au kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene. Penseli ikifutika kote kwa pamoja, jiwe liko sawa. Ikibaki katikati, umekuwa ukinoa juu ya bakuli.

Kisha mkono. Wengi wetu tunakandamiza kisigino bila kujua, kwa sababu ndiko vidole viliko. Noa mara kumi ukishika shingo kwa vidole viwili tu, kama unayeshika kikombe cha kahawa tungu, uone maka peni inasemaje.

Sababu ya tatu ni umbo la makali. Weka wembe juu ya rula. Makali yaliyotokeza nje kidogo katikati, kama tabasamu, si ugonjwa. Nyembe nyingi za zamani ziko hivyo, na usithubutu kuyanyoosha. Unachofanya ni kuvuta wembe kimshazari juu ya jiwe, huku ukihamisha uzito kidogo kidogo kutoka kisigino kwenda ncha. Makali yaliyoingia ndani, yaliyonuna, ndiyo shida. Hutokana na jiwe lenye bonde, na kuyasawazisha kunakula chuma kingi, kazi ya kumwachia aliyewahi kuifanya.

Ya mwisho ni wembe uliopinda wenyewe. Dalili yake: upande mmoja wino unafutika kisigino na ncha tu, ukigeuza unafutika katikati tu. Kupinda kidogo hushindwa na kinoo chembamba, cha upana wa sentimita tatu au nne. Ukiwa umejipinda kama kamba iliyosokotwa, usijaribu kuunyoosha kwa koleo wala nyundo. Chuma hiki ni kigumu kama kioo na kitakatika kama kioo.

Neno kuhusu tepu nyeusi ya fundi umeme. Ukiibandika mgongoni kabla ya kunoa, inaulinda usikwaruzike, na kwa mgongo wenye nakshi au dhahabu ni lazima. Ila inaongeza pembe kwa karibu nyuzi 1, kwa hiyo ukianza nayo malizia nayo, ukibadilisha kila inapochanika. Anayeanza na tepu kwenye 1000 akaivua kwenye 8000 hugusa kila kitu isipokuwa makali, halafu ananiandikia ule ujumbe wa maneno matatu.

Unakata vizuri ila uso unawaka

Pembe ya kunyolea kwanza. Mgongo ukae mbali na ngozi kiasi cha upana wake mmoja na nusu au mbili hivi, ambayo ni karibu nyuzi 30. Ukiinua zaidi unaparua ngozi, ukilaza kabisa unavuta ndevu. Pili, nguvu: wembe huu haukandamizwi. Tatu, kona ya ncha. Nyembe zenye ncha ya mraba hukwaruza karibu na sikio. Kona inapunguzwa ukali kwa kuigusisha mara tatu nne kwenye jiwe laini.

Lakini wengi wanaolalamika wana vipele vya kidevuni, na vipele hivyo havisababishwi na wembe mbovu. Sisi wenye ndevu za kipilipili, unywele uliokatwa chini kabisa hujikunja ukarudi ndani ya ngozi. Wembe mkali mno, ngozi iliyovutwa sana na kunyoa kinyume cha ndevu ndivyo vinavyozidisha. Nyoa kwa kufuata ndevu zinavyolala, mara moja, usivute ngozi, na ukubali kubaki na ukakasi kidogo. Vipele vikiwa na usaha au vikiacha makovu, weka wembe chini umwone daktari wa ngozi.

Na wembe mmoja ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, na kufuta kwa spiriti nyumbani si kusafisha vifaa kwa kiwango cha hospitali. Ukijikata, bana kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kufunua kila saa kuchungulia. Damu isipokata, nenda hospitali.

Kutu

Hapa watu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Muscat tuna kilio kimoja. Nyembe hizi nyingi ni chuma cha kaboni kisicho na kinga yoyote, na hewa yetu ina chumvi. Wembe ulioachwa na maji usiku mmoja huamka na madoa.

Kwanza ujue unachokiona. Weusi au kijivu kilicholala sawasawa juu ya chuma si adui, ni rangi ya umri, na wapo wanaoilipia zaidi. Uache. Wekundu unaotoka ukiusugua kwa kucha ni kutu changa. Weusi wenye vishimo unaokwaruza kucha ni kutu iliyochimba.

Kutu changa: tone la mafuta ya cherehani, uache saa chache, kisha usugue kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, ukitoka mgongoni kuelekea makali. Usisugue kwa kufuata urefu wa makali, maana kidole kitateleza, na kidole hakina mgongo wa kukilinda. Wembe uulaze juu ya ubao, usiushike hewani. Pale penye maandishi ya dhahabu, pita mbali kabisa. Dhahabu hiyo ni nyembamba kuliko rangi ya kucha na dawa ya shaba huifuta kwa mara moja.

Msasa wa maji ni hatua inayofuata, kuanzia 600 na kupanda hadi 2000, kwa mkono na mafuta. Ukishuka hadi 220 ili kumaliza kila kishimo, utamaliza na nakshi, na pembe kali za shingo, na sura iliyokufanya uupende. Vishimo kwenye ubapa ni makovu tu. Vinavyoua ni vishimo vilivyo ukingoni, kwa sababu kila ukinoa unafikia kingine, na makali yanageuka msumeno. Viangalie kwa lenzi kabla ya kununua, siyo baada.

Tafadhali, ndimu na siki muachie samaki. Najua ndivyo bibi alivyosafisha masufuria ya shaba, na kwa shaba alikuwa sahihi. Kwenye chuma hiki tindikali inapanua vishimo na kuacha doa jeusi ambalo halitoki.

Kutu inayorudi palepale kila wiki ina sababu tatu. Ya kawaida ni maji yaliyojificha kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoushika wembe kwenye mpini: usiloweshe mpini, kausha kwa tishu, ingiza ncha ya tishu kati ya shingo na mpini, acha wembe wazi saa nzima kabla ya kuufunga. Ya pili ni mahali pa kuhifadhi. Bafuni hapana, na ala ya ngozi hapana, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu ikaushikilia. Mimi hupaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya kitambaa na kuweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ya tatu ni mpini wenyewe, na hiyo inahitaji sehemu yake.

Mpini unanuka, umepasuka, au umeliwa

Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vilianza kutumia seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo kabisa, iliyochanganywa na kafuri, kuiga pembe, gamba la kasa na meno ya tembo. Isugue kwa kidole hadi ipate joto na uinuse: harufu ni ileile ya kafuri tunayoijua kwenye kuosha maiti. Ikizeeka huoza yenyewe na kutoa mvuke wa tindikali. Dalili ni mpini unaonata au wenye nyufa kama barafu iliyopasuka, na kutu iliyochora sehemu ileile tu ya wembe inayolala ndani ya mpini. Nyembe za jirani kwenye kopo nazo zitaathirika. Utenge siku hiyohiyo. Hakuna dawa isipokuwa kutoa mpini na kuweka mwingine.

SIMAMA HAPA: seluloidi inashika moto kwa kasi ya kutisha. Usiijaribu kwa sindano ya moto kama unavyoona watu wakifanya, usiikate karibu na cheche, usiitie kwenye maji yanayochemka.

Pembe la nyati hupasuka likikauka na huliwa na wadudu, wale wanaokula pia sufu na manyoya. Matundu yenye unga ndani yake maana yake bado wamo. Funga wembe kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza wiki mbili, ukitoa uache upate joto ukiwa bado mfukoni ili umande usishike chuma. Kisha paka pembe mafuta mara kwa mara.

Mpini mweupe wenye mistari laini unaweza kuwa mfupa, seluloidi, au jino la tembo. Mistari ya seluloidi imenyooka na kujirudia mno, kama karatasi ya daftari. Ya jino haifanani. Hili si la kubahatisha. Soko la Unguja katika karne ya 19 lilipeleka meno mengi ya tembo Ulaya, na Sheffield ilikuwa mnunuzi mkubwa wa meno ya tembo kwa mipini ya visu na nyembe, kwa hiyo si ajabu kipande cha huku kikirudi kwenye bahasha. Ila biashara ya kimataifa ya meno hayo ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, Uingereza ina sheria yake ya 2018, na Kenya na Tanzania kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. "Ni ya zamani" si utetezi uwanja wa ndege. Usiagize. Kama ni ya urithi na iko nyumbani, ongea na mwanasheria au idara ya wanyamapori kabla hujaisafirisha au kuiuza.

Ukifungwa haukai katikati, au unalegea

Mara nyingi ni ribiti iliyolegea. Shika mpini, tikisa wembe: ukicheza kama mlango mbovu, ndiyo hiyo. Funga makali kwa tepu, fungua wembe, weka kichwa cha ribiti juu ya chuma bapa, gonga kichwa cha pili kwa nyundo ndogo ya kisonara yenye uso wa mviringo. Ni kugonga kwa kifundo cha mkono tu, mara tano sita, geuza, tena. Acha ukisikia wembe unafunguka kwa ukinzani mdogo. Ukizidisha, bamba la mpini linapasuka, na hapo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Ribiti ikiwa ngumu na wembe bado unagusa upande mmoja, mpini ndio uliopinda. Pembe hulainika kwa maji ya moto na kunyooka likibanwa, lakini lazima wembe utolewe kwanza, na kutoa maana yake kusaga ribiti za zamani na kugonga mpya. Mpelekee sonara mwenye subira, umwonyeshe ulivyokuwa. Mpaka atakapoutengeneza, weka kipande cha kizibo ndani ya mpini ili makali yasiguse. Nimeona mapengo mengi yaliyozaliwa ndani ya wembe uliofungwa.

Mapengo na nyufa

Pengo ambalo huwezi kuliona bila lenzi huisha kwenye namba 1000. Pengo unaloliona kwa jicho, la nusu milimita, ni kazi ya jioni nzima na tepu mgongoni. La milimita moja au zaidi, mpe anayejua, au ukubali kwamba gharama itapita bei ya wembe.

Ufa ni habari nyingine. Huanza kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni, mwembamba kama unywele, mara nyingi umejificha chini ya doa. Shika mkia, donoa ubapa kwa ukucha. Wembe mwembamba mzima unalia, tena kwa muda. Wenye ufa unasema "tek" na kunyamaza. Paka mafuta, futa, subiri dakika kadhaa: mafuta yatajitokeza tena kwenye mstari wa ufa.

SIMAMA HAPA, na hapa sina "labda". Wembe wenye ufa haunyolei. Kipande kinaweza kuachia kikiwa shingoni mwako.

Umefanya yote na bado haupati

Inawezekana si wembe. Zipo bidhaa mpya za bei chee zenye umbo la wembe wa kukunja, mpini wa kupendeza, na chuma laini kisichoshika makali. Soma shingo. Neno "Solingen" peke yake linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, lakini mgonga mihuri bandia wa mbali hajali. "Silver Steel" haimaanishi wembe ni wa fedha, ni maneno ya biashara tu. Wembe ulioandikwa Sheffield bila neno "England" una uwezekano wa kuwa wa kabla ya 1891, ambapo sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, ingawa kiwanda ambacho hakikuuza huko hakikuwa na sababu ya kubadilisha muhuri.

Alama isiposomeka, usiisugue uione. Mulika tochi kutoka pembeni, karibu iguse chuma, na upige picha. Herufi zilizofifia hujitokeza kwa kivuli chake. Picha hiyo ndiyo unitumie, pamoja na nyingine ya makali chini ya taa, na unieleze nyanya ilisemaje.